Barua ya wazi: Mtuite kabla vikomo vya bajeti havijafungwa

Kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Kaunti,
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti.

Nakala: Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi wa Kaunti; Karani wa Bunge la Kaunti; Wawakilishi Wadi wote.

KUH: NAMNA SERA NA BAJETI YA KAUNTI YETU INAVYOTUNGWA, NA MAONI YA WANANCHI YANAKOPOTELEA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima ya afisi zenu. Tumekwisha kuwaandikia mara mbili kwa faragha. Barua ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa, ya pili ikapelekwa kwa Karani wa Bunge. Hakuna iliyojibiwa. Leo tunaandika hadharani ili kila mkazi wa kaunti hii ya Pwani ajue tunachodai na ajue tumekidai kwa nani.

Wakati wa kuandika tumeuchagua. Kifungu cha 128 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinamtaka Waziri wa Fedha wa kaunti atoe waraka wa bajeti kufikia tarehe 30 Agosti. Waraka huo ndio unaofungua mwaka wa bajeti: unaziambia idara zote tarehe za kufuata, na sheria inataka pia ueleze utaratibu wa mwananchi anayetaka kushiriki. Waraka wa mwaka huu bado haujatoka. Yote tunayoyaomba hapa chini yanaweza kuingizwa ndani yake bila kutunga sheria mpya hata moja.

Hatulalamiki kwamba tuliomba tukanyimwa. Wadi ni nyingi, shilingi ni chache, na kunyimwa ni jambo la kawaida. Tunacholalamikia ni kwamba tunaulizwa wakati jibu limeshaandikwa, tunaulizwa bila kupewa hesabu, na tukishasema hatuambiwi maneno yetu yalifikia wapi.

1. Tunaitwa mlango ukiwa umeshafungwa

Mkutano mkubwa wa bajeti hapa kwetu hufanywa Mei. Watu hufika ukumbini, wakasimama mmoja mmoja wakaomba wauguzi, dawa, maji, mitaro. Afisa huandika. Mwenye kusikiliza angedhani huo ndio wakati wa kuamua kaunti itatumia pesa vipi. Sivyo.

Kalenda ya sheria inakwenda hivi. Tarehe 1 Septemba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa Bungeni. Tarehe 30 Septemba inafuata ripoti ya mapitio ya bajeti iliyopita. Kufikia tarehe 28 Februari, Waraka wa Mkakati wa Fedha unapelekwa Bungeni, na Bunge lina siku 14 za kuupitisha. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanawasilishwa, na kabla ya tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa.

Uamuzi mzito uko Februari. Waraka wa Mkakati wa Fedha ndio unaogawa: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, kilimo na uvuvi kiasi hiki, afisi ya Gavana kiasi hiki. Vikomo hivyo, yaani kiasi cha juu ambacho kila idara inaruhusiwa, vikishapita, kanuni ya 37 ya Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa Serikali za Kaunti za 2015 inalizuia Bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Na kila shilingi inayoongezwa mahali lazima ipunguzwe mahali pengine.

Tuseme kikomo cha Idara ya Afya ni shilingi bilioni 2. Asilimia 1 yake ni shilingi milioni 20. Wadi zote zikisimama Mei kwa sauti moja zikasema afya iongezwe, na Wawakilishi Wadi wote wakakubali, nafasi iliyobaki kisheria ni hiyo milioni 20 kwa kaunti nzima. Mama aliyeacha biashara yake asubuhi akaja kuomba wauguzi hakuelezwa hivyo. Alielezwa kwamba "maoni yenu yamepokelewa". Haya si makosa madogo ya ratiba. Ni kumwita mtu mezani sahani zikiwa zimekwisha kuondolewa.

Na sheria haikukusudia hivyo. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaitaka Hazina ya kaunti, inapotayarisha Waraka wa Mkakati wa Fedha, itafute na izingatie maoni ya wananchi, ya Tume ya Ugavi wa Mapato, na ya wengine wenye kuhusika. Kwa hiyo mkutano mkubwa, wenye matangazo ya redio na magari ya vipaza sauti, unapaswa kuwa Januari. Ule wa Mei uwe wa kukagua kama yaliyokubaliwa Februari yameheshimiwa.

2. Nyaraka hazifiki, na zikifika hazisomeki

Kifungu cha 87 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaweka upatikanaji wa habari kwa wakati kuwa msingi wa kwanza wa ushirikishwaji. Hapa kwetu tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza, siku mbili au tatu kabla ya mkutano. Kitabu cha makadirio, kama kimewekwa kwenye tovuti, ni kurasa mia kadhaa zilizopigwa picha moja moja. Hutafuti neno ndani yake, hunakili jedwali, na kwa simu ndogo hakifunguki.

Ndani yake kuna mstari mmoja tunaomba muutazame kwa makini, kwa sababu unarudi kila mwaka: "Ujenzi na ukarabati wa zahanati, wadi mbalimbali." Mbele yake kuna tarakimu moja. Wadi mbalimbali zipi? Zahanati gani? Ya kujengwa upya au ya kupakwa rangi? Ni awamu ya kwanza, au ni deni la mkandarasi aliyemaliza kazi miaka miwili iliyopita? Mwananchi hana namna ya kuunga mkono wala kupinga mstari kama huo, na Mwakilishi Wadi pia hana. Mwenye kujua maana yake ni afisa aliyeuandika, na pesa zikishapitishwa ndiye atakayeamua wadi ipi imo na ipi haimo.

Mtu wa kawaida hahitaji kurasa 400. Anahitaji kurasa nne kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Ukurasa wa kwanza uonyeshe mapato: mgao kutoka serikali ya taifa, mapato ya ndani, misaada yenye masharti, na madeni yanayodaiwa. Wa pili uonyeshe kila idara kwa safu tatu: ilitengewa kiasi gani mwaka jana, ilitumia kiasi gani hasa, inatengewa kiasi gani sasa. Safu ya katikati ndiyo inayokosekana kila mara, na bila hiyo hakuna uchambuzi. Idara inaweza kuomba milioni 300 mwaka baada ya mwaka na kutumia 90, na hakuna ajuaye. Kurasa mbili za mwisho ziwe orodha ya miradi ya wadi hiyo tu: jina la mradi, kijiji, gharama yote, kilicholipwa, kilichobaki, na mwaka wa kumalizika.

3. Tarakimu zinaletwa bila hesabu zilizozizaa

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kaunti inapoumia zaidi na ndipo panapozungumzwa kidogo zaidi.

Chukueni ada ya soko. Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao sheria inataka upitishwe ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi, huja na jedwali la ada mpya. Tufanye mfano wa soko la wauzaji 400, wengi wao mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki) na wauza mboga, kila mmoja akilipa shilingi 30 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi soko hilo linaingiza shilingi 312,000 kwa mwezi. Mswada unapendekeza shilingi 50. Afisa anazidisha 400 kwa 50 kwa 26, anapata 520,000, na tofauti ya 208,000 inaandikwa kwenye bajeti kama pesa zilizo njiani.

Lakini wauzaji si mawe. Mwenye faida ya shilingi 300 kwa siku, ile 20 ya nyongeza ni karibu asilimia 7 ya riziki yake. Baadhi watatoka waende kuuzia kando ya barabara. Wakitoka 100, mapato yatakuwa 390,000, na nyongeza imeshuka kutoka 208,000 hadi 78,000. Kaunti ikiajiri wakusanyaji wawili zaidi wa kuwafukuzia wale wa barabarani, kwa shilingi 25,000 kila mmoja, imebaki na 28,000. Wakitoka 160, yaani wanne katika kila kumi, soko litaingiza 312,000 zile zile za zamani, pungufu ya mishahara ya hao wakusanyaji, na barabara imezibwa na wauzaji ambao kaunti yenyewe imewatoa sokoni. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na karatasi kwa nusu saa. Hakuna Mswada wa Fedha wa kaunti hii uliowahi kuja na karatasi hiyo. Bei ya ada inapandishwa kwanza, halafu mwisho wa mwaka tunaambiwa wananchi hawalipi.

Tena kuna msimu. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, mashua ndogo haziingii maji mengi na samaki sokoni huwa haba. Ada moja kwa miezi yote 12 humkuta mama karanga akiwa hana ndoo ya kujaza. Kuuliza tu kwenye diko, pale mashua zinaposhushia samaki, kungetosha kujua.

Mfano wa pili ni zahanati. Tunajenga, Mheshimiwa Gavana anakata utepe, halafu mlango unakaa na kufuli. Sababu inajulikana: jengo hulipwa mara moja kutoka fungu la maendeleo, na kinachofuata hulipwa kila mwaka kutoka fungu la matumizi ya kawaida ambalo hakuna aliyelipigia hesabu. Zahanati inahitaji wauguzi wasiopungua wawili, maana mmoja akienda likizo au akiugua pamefungwa. Inahitaji dawa za kila robo mwaka, umeme wa jokofu la chanjo, maji, mlinzi, mtu wa usafi, na mahali pa kuchomea taka za hospitali. Ikiwa na chumba cha kujifungulia, ongezeni zamu ya usiku. Pendekezo la zahanati linaloletwa Bungeni bila gharama za miaka mitano ya kuiendesha ni pendekezo la nusu zahanati.

Na halikuja na njia mbadala. Uchambuzi wa sera huanza kwa kuuliza tatizo ni nini hasa. Kama tatizo ni kwamba wajawazito wa kijiji fulani hujifungulia njiani, huenda dawa yake ni gari la wagonjwa na daraja dogo mahali mvua inapokata barabara, au ni muuguzi wa pili katika zahanati iliyo kilomita saba kutoka hapo, ambayo hufungwa saa kumi jioni. Huenda kweli ni zahanati mpya. Lakini njia tatu zikiwekwa mezani kila moja na bei yake, wananchi wenyewe watachagua, na wanaweza kuchagua ya bei nafuu. Wakiletewa moja, watapiga makofi.

Mfano wa tatu, makadirio ya mapato ya ndani. Tufanye kaunti inaandika kwamba itakusanya shilingi milioni 1,000 wakati mwaka jana ilikusanya 600. Zile 400 za hewani zinagawiwa idara kama pesa halisi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ni rahisi kuifikia kwa maandishi ukiwa na mapato ya maandishi. Mwaka ukianza, mishahara haingoji, kwa hiyo inalipwa kwanza. Pengo lote linaangukia miradi na dawa. Mkandarasi amemaliza darasa la chekechea, halipwi. Deni linavuka kwenda mwaka unaofuata, na mwaka huo unaanza ukiwa umekwisha kuliwa. Tunaomba makadirio ya mapato yaandikwe chanzo kwa chanzo (leseni, maegesho, masoko, ada za hospitali, kodi ya ardhi), kila kimoja na makusanyo halisi ya miaka mitatu pembeni yake. Ikiwa mnataraji kupanda, elezeni kitakachopandisha.

4. Mkutano wenyewe

Mkutano mmoja kwa kaunti ndogo nzima, mjini, saa nne asubuhi. Anayetoka wadi ya mbali analipa nauli kwenda na kurudi na anapoteza kazi ya siku. Wanaofika ni wakazi wa mjini, wazee wa mitaa na wanaotaraji zabuni.

Tena kuna jambo ambalo kila mtu wa Pwani analijua isipokuwa, inaonekana, anayepanga tarehe. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hukauka sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na ndio wakati wanawake wanashuka mwambani kutafuta pweza. Mkitaka kuwasikia, wekeni mkutano siku za maji mafu, ambapo bahari haikauki sana, au alasiri. Siku za gulio la kila mji zinajulikana. Ijumaa inajulikana. Haya hayagharimu shilingi.

Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Karatasi hiyo baadaye huambatishwa kwenye ripoti na kuitwa ushahidi kwamba wananchi waliidhinisha. Kusaini kwamba nimefika si kusaini kwamba nimekubali. Tunataka orodha mbili: ya waliofika, na ya yaliyosemwa, kila hoja na wadi ilikotoka.

Na swali linaloulizwa liwe swali. "Mnataka nini?" huzaa barabara, basari na visima kila mwaka, halafu maafisa husema wananchi hawajui kitu kingine. Ulizeni hivi: "Wadi hii ina shilingi milioni 25. Kukarabati kilomita tatu za barabara ya sokoni ni kiasi hiki. Kuunga bomba hadi vijiji viwili ni kiasi hiki. Vyote viwili havitoshi. Mnaanza na kipi, na kwa nini?" Hapo mtasikia watu wakijadiliana kwa akili. Kaunti ya Makueni imejenga ngazi za mikutano kuanzia vijiji, makundi ya vijiji, wadi ndogo na wadi, hadi kongamano la kaunti; kila ngazi huchagua wajumbe wa kubeba maoni yake kwenda juu, na mradi ukianza wakazi huwa na kamati ya kuufuatilia. Makueni iko chini ya sheria hizi hizi.

Kuhusu Jukwaa la Bajeti na Uchumi, baraza la kushauriana juu ya bajeti lililowekwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma: Gavana ni mwenyekiti, mawaziri wa kaunti ni wanachama, na idadi sawa na yao ni wajumbe wasio watumishi wa kaunti, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na taasisi za dini. Tunaomba majina ya wajumbe wetu, tarehe walizokutana na kumbukumbu za vikao. Tumeuliza, hatujaoneshwa.

5. Hakuna jibu

Hili ndilo linalowavunja watu moyo kuliko yote. Ukinyimwa kwa sababu, unarudi mwakani na hoja bora. Ukinyamaziwa, hurudi.

Mahakama zimekwisha kusema. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu iliweka mwongozo: ushirikishwaji uwe wa kweli, mada ielezwe waziwazi, utaratibu uwe mwepesi, na wananchi wapewe habari na nafasi ya kweli ya kuathiri uamuzi.

Tunajua wanasheria wenu watataja uamuzi wa tarehe 29 Oktoba 2024 kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023 ya serikali ya taifa, ambapo Mahakama ya Juu iliitengua hukumu ya Mahakama ya Rufani na kusema hakuna wajibu wa wazi unaolilazimu Bunge kutoa sababu kwa maandishi kwa kila pendekezo. Tumeusoma. Mahakama hiyo hiyo ilisema kutoa sababu ni mwenendo mwema. Sisi tunaomba mwenendo mwema. Nchi nzima iliona Juni 2024, kwenye Mswada wa Fedha wa mwaka ule, watu wanapoamini kwamba kusikilizwa hakuna maana: vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Gharama ya kujibu ni ndogo mno ukilinganisha.

Jibu tunalolitaka ni jedwali la safu tano: hoja, wadi ilikotoka, uamuzi (imekubaliwa, imekubaliwa kwa sehemu, imekataliwa), sababu kwa sentensi moja au mbili, na ukurasa wa waraka ambapo mabadiliko yanaonekana. Hoja zinazofanana ziunganishwe na idadi yake itajwe. Maafisa wawili wanaweza kulitayarisha kwa wiki moja. Na mfano wa sababu nzuri ni huu: "Imekataliwa. Kisima kilichopendekezwa kiko mita chache kutoka ufukweni na maji yatakuwa ya chumvi. Limependekezwa tangi la maji ya mvua." Nani atakasirikia jibu kama hilo?

6. Bajeti ya ziada

Katikati ya mwaka miradi iliyopitishwa hutolewa na mingine kuingizwa kwa bajeti ya ziada, bila tangazo wala mkutano. Mradi wa wadi unaweza kupitishwa Juni na kufutwa Machi, na wakazi wakaendelea kumngoja mkandarasi. Ripoti za robo mwaka, ambazo sheria inataka zichapishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kuisha, hatuzioni. Tunasubiri ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti itoke Nairobi ndipo tujue kilichotumika huku kwetu.

Mtasema hakuna pesa za mikutano mingi. Mikutano ya wadi inafanyika chini ya mwembe au kwenye shule ya msingi, bila hema na bila chakula. Punguzeni warsha moja ya hotelini na mtaona tofauti. Mtasema watu hawaelewi bajeti. Mwanamke anayeendesha chama cha wanachama 30 kwa miaka kumi bila shilingi kupotea anaelewa mapato, madeni na vipaumbele. Asichoelewa ni kitabu kilichoandikwa kisieleweke. Mtasema muda hautoshi. Kuanzia 30 Agosti hadi 28 Februari kuna miezi sita.

Tunayoomba, na tarehe zake:

(i) Waraka wa bajeti wa 30 Agosti utangaze tarehe na mahali pa kila mkutano wa mwaka mzima, wadi kwa wadi, na mikutano ya vikomo iwekwe Januari.

(ii) Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uchapishwe ndani ya siku 7 baada ya kufikishwa Bungeni, kama kifungu cha 126 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinavyosema, pamoja na muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili ubandikwe kwenye afisi ya kila wadi, sokoni na kwenye diko, na usomwe kwenye redio za jamii. Wasioona na wasiosikia wapewe njia yao. Kifungu cha 54 cha Katiba hakikuandikwa kama pambo.

(iii) Kila mradi mpya wenye gharama kubwa uje na karatasi moja: tatizo, njia zisizopungua mbili na bei zake, gharama za kuuendesha kwa miaka mitano, na atakayelipa. Kila ada mpya ije na hesabu ya wangapi wataacha kulipa.

(iv) Mistari ya "wadi mbalimbali" ifutwe. Bunge likatae kupitisha wowote utakaobaki. Hili tunamwomba Mheshimiwa Spika hasa.

(v) Jedwali la majibu lichapishwe siku 14 baada ya kila awamu ya maoni.

(vi) Bajeti ya ziada isipitishwe bila orodha ya miradi inayoondolewa na inayoingizwa kutangazwa siku 7 kabla.

(vii) Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tunaomba ndani ya siku 21: majina ya wajumbe wa Jukwaa la Bajeti na kumbukumbu za vikao vyao, ripoti za utekelezaji za robo nne zilizopita, orodha kamili ya madeni ya wakandarasi, na ripoti za ushirikishwaji zilizoambatishwa kwenye bajeti mbili za mwisho. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka ombi la mapitio kwenye afisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma, na nakala kwa Mdhibiti wa Bajeti.

Tuko tayari kukaa na maafisa wa Hazina ya kaunti siku yoyote kuwasaidia kuandaa mfano wa muhtasari wa kurasa nne na wa jedwali la majibu. Majibu yenu tutayabandika sokoni na kwenye kila diko kama yatakavyokuja, neno kwa neno.

Wenu waaminifu,
Wakazi tunaofuatilia bajeti ya kaunti